Gesi ya Ziwa Kivu, mazuti (dizeli) na makala (mkaa): tuchome nini, na nini tukiache chini?

Fundi wa Ndosho (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salamu kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, ukingoni mwa Ziwa Kivu.

Nimekuwa fundi wa jenereta katika mji huu kwa miaka kumi na minne, na ninaandika uzi huu kwa sababu ya jambo nililoliona juma lililopita katika mashine moja ya kusaga unga. Nilikuwa nimemaliza kubadilisha oili ya injini, nikauliza mahali pa kuiweka ile ya zamani, na mwenye mashine akanionyesha kwa kidole ufa uliokuwa katika jiwe nyuma ya ukuta. Nilipomkatalia, aliichukua ndoo mwenyewe akaimwaga. Lita saba za oili nyeusi zilitoweka katika jiwe la volkano kabla sijafunga sanduku langu la vyombo, wala hazikuacha hata dimbwi. Anayeijua ardhi yetu anajua maana yake: Goma imejengwa juu ya lava, mji hauna mto hata mmoja, maji ya mvua hupenya katika nyufa na kushuka kuelekea ziwani, na ziwani humo ndimo tunamoteka maji ya kunywa.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naomba tulijadili kwa utulivu. Mji wetu unaishi kwa kuchoma vitu. Tunachoma mazuti katika jenereta, petroli katika pikipiki, makala katika babula (jiko la mkaa), na wakati huohuo tumeketi ukingoni mwa ziwa lenye takribani kilomita za ujazo 60 za gesi ya metani. Je, kuchoma gesi hiyo ni dhambi ileile ya kuchoma mafuta, au ni jambo jingine?

Nianze na hesabu ninayoijua kwa mikono yangu. Jenereta ya kVA 20 inayobeba nusu ya mzigo wake hula karibu lita 3 za mazuti kwa saa moja. Ikiwashwa saa sita kwa siku, ni lita 18, na kila lita ya mazuti ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za kaboni dioksidi, maana kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani na kuwa nzito kuliko mafuta yenyewe. Hizo ni karibu kilo 49 kwa siku, kutoka mashine moja, kwa umeme wa kilowati-saa 48 hivi. Kwa maneno mengine, kila yuniti moja (kilowati-saa) ya umeme wa jenereta inatugharimu kilo moja ya kaboni dioksidi, bila kuhesabu masizi ambayo mafundi kama mimi tunayavuta kila siku, wala malori yaliyoyaleta mafuta hayo kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam hadi hapa. Nchi yetu inachimba mafuta pwani ya Muanda, lakini kutoka Muanda hadi Goma ni upana wa Kongo nzima, na mafuta yale huuzwa nje yakiwa ghafi.

Metani ikichomwa katika injini nzuri ya kuzalisha umeme hutoa karibu nusu ya kiasi hicho kwa kila yuniti, na haitoi masizi mengi. Wenzetu wa Rwanda wameshaifanya kazi hiyo. Tangu miaka ya 1960 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilipata gesi kutoka kituo cha Cap Rubona, na mwaka 2016 kilizinduliwa kituo cha KivuWatt, upande wa Karongi, chenye uwezo wa megawati 26. Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuielewa kwa mtu yeyote aliyewahi kufungua chupa ya soda. Bomba hushushwa hadi mita 350 hivi, maji huanza kupanda, na kadiri yanavyopanda mgandamizo hupungua, gesi hujitokeza kama mapovu na kuyavuta maji juu yenyewe, bila pampu ya kudumu. Gesi hutenganishwa na maji, husafishwa ili kupunguza kaboni dioksidi na ile gesi ya salfa inayonuka kama yai bovu, kisha hupelekwa nchi kavu.

Jambo linalonifanya niamini kwamba gesi hii si sawa na mafuta mengine ni kwamba kuiacha si salama. Pamoja na metani, ziwa limebeba takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi, na gesi zote hizo zimefungwa chini kwa uzito wa maji na chumvi zake, kama kifuniko. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni dogo mno likilinganishwa na letu, lilipasuka usiku na kaboni dioksidi yake ikawaua watu zaidi ya 1,700 wakiwa wamelala. Miaka miwili kabla yake Ziwa Monoun la nchi hiyohiyo liliua watu 37. Kivu haijajaa gesi kwa kiwango cha kupasuka yenyewe, na lava ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, iliingia ziwani Januari 2002 bila kuyavuruga maji ya chini. Hata hivyo, wote waliokuwa hapa Mei 2021 wanakumbuka. Volkano ililipuka tarehe 22, na alfajiri ya tarehe 27 tuliamriwa kuhama kwa sababu magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imesogea chini ya mji na chini ya ziwa. Mimi nilitembea hadi Sake na watoto wawili, mmoja mgongoni, na njiani watu wazima walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini kama ziwa litatufuata.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ninaomba mnisahihishe: metani ya ziwa tuitoe kwa uangalifu na tuichome ili ichukue nafasi ya mazuti na makala, lakini mafuta yaliyo chini ya Hifadhi ya Virunga na Ziwa Edward tuyaache yalipo.

Mama Jiko wa Katindo

Fundi, asante. Mimi ninapika na kuuza chakula, na kwangu mazuti ni habari ya mbali, kwa sababu adui ninayelala naye ni makala. Ninaamka saa kumi alfajiri, ninapanga makala katika babula mbili, ninawasha kwa vijiti vya mkaratusi, na kabla moto haujakolea moshi unakuwa umeshajaa chumbani kwa sababu mvua hainiruhusu kupikia nje. Maharage yananichukua saa tatu. Gunia linaloletwa na chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) kutoka njia ya Kibumba linakuja limelowa msimu wa mvua, nalo bei yake haishuki kwa sababu ya kulowa.

Mmesema mengi kuhusu jenereta, lakini miti nayo isemewe. Wazee wanaochoma makala wanasema wenyewe kwamba gunia moja limemeza kuni nyingi sana. Na sote tunajua ni msitu wa nani unaokatwa.

Swali langu ni hili. Tukiwa na gesi yote hiyo, kwa nini hatujaziwi mitungi hapa hapa, badala ya kununua mitungi ya gesi inayotoka nje?

Kijana wa Nyawera, Bukavu

Ndugu Fundi, ninaheshimu hoja yako lakini ninaona unaruka hatua. Sisi wa Bukavu tuna Ruzizi, mto unaotoka katika ziwa hilohilo, na umeme wa Ruzizi ya kwanza ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950, ya pili ikafuata mwaka 1989. Maji hayachomi chochote. Nyinyi nanyi mna Matebe, megawati 13 zinazotoka katika maji ya Hifadhi ya Virunga, na vituo vingine vidogo kama Mutwanga. Mbali zaidi tuna Inga, mabwawa ya umeme ya Mto Kongo, ambayo wataalamu wanasema ingeweza kutoa zaidi ya megawati 40,000. Kwa nini nchi yenye maji mengi namna hii ianze kufikiria kuchoma metani?

Tena, metani ikivuja kabla ya kuchomwa ina madhara makubwa kuliko kaboni dioksidi. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja ya metani hupasha joto anga mara 28 hivi kuliko kilo ya kaboni dioksidi, na katika miaka 20 ya kwanza ni mara 80 hivi. Bomba likivuja kidogo tu, hesabu yako ya nusu inaanguka.

Fundi wa Ndosho

Nianze na Mama, kwa sababu swali lake ndilo linaloulizwa kila mahali ninapokwenda.

Mama, gesi ya mtungi na gesi ya ziwa ni ndugu wa mbali. Ya mtungi ni propani na butani, ambazo ukizibana kidogo tu zinakuwa maji, ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani. Metani haikubali kuwa maji kwa kubanwa katika joto la kawaida. Ili iwe maji ni lazima ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, au ibaki gesi lakini ibanwe kwa mgandamizo wa takribani mara 200 ya ule wa hewa tunayovuta, katika chupa nene ya chuma ambayo mimi nisingekubali kuiona jikoni kwako ikishikwa na fundi asiye na mafunzo. Njia iliyo karibu zaidi nasi ni kuichoma kando ya ziwa, kutengeneza umeme, na wewe kupika kwa umeme.

Kuhusu kuni, wazee wamesema kweli. Tanuri ya udongo hutumia kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya makala, na sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwa katika mti hupotea kwa moshi pale pale porini kabla chungu chako hakijaguswa. Mti hukua tena, ndiyo, na ndiyo maana wengine huhesabu makala kuwa nishati isiyoongeza kaboni, lakini hilo ni kweli pale tu mti unapopandwa na kuachwa ukue. Mteremko wa volkano ya Nyamulagira niliouona nikiwa kijana na ninaouona leo si mmoja.

Ndugu wa Bukavu, katika hoja ya kuvuja umenishika vizuri, na sitaipita kama sijaisikia. Kituo kisichopima uvujaji wake kisiruhusiwe kufanya kazi. Ila kuhusu maji, naomba nawe ukumbuke kilichokaa mlangoni mwa Ruzizi: chupa na mifuko ya plastiki inayotoka katika mitaa yetu yote miwili, ikasukumwa na ziwa hadi kwenye bwawa, ikaziba njia ya maji hadi mitambo ikasimama. Umeme usiochoma kitu nao una gharama zake na wahudumu wake. Sikatai maji. Maji yawe ya kwanza, lakini kati ya leo na siku Inga itakapofika Goma, mashine ya unga itaendelea kuwashwa kwa mazuti, na mimi ndiye nitakayeitwa kuitengeneza.

Mwana Kenya wa Lubumbashi (Kenya ni mtaa wetu, si ile nchi)

Kwa ufupi, kutoka huku kusini. Laini ya Inga hadi Kolwezi ina urefu wa kilomita 1,700 hivi na imekuwepo tangu miaka ya 1980, inapita juu ya vijiji ambavyo havina taa, na bado migodi ya Katanga haina umeme wa kutosha. Migodi hununua umeme kutoka Zambia na hujaziliza kwa jenereta kubwa za mazuti. Mwaka 2024 ukame uliposhusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, Zambia yenyewe ilibaki gizani kwa saa nyingi kila siku, na tulisikia jenereta huku hadi tukazizoea. Kwa hiyo anayesema maji pekee yanatosha aje aishi kando ya mgodi wakati wa ukame.

Lakini nawaonya pia. Huku tuna makaa ya mawe ya Luena, yaliyochimbwa tangu enzi za wakoloni, na kila umeme unapopungua hujitokeza mtu wa kusema tuyarudie. Kwa kiasi kilekile cha joto, makaa ya mawe hutoa kaboni dioksidi zaidi ya mara moja na nusu kuliko metani, na majivu yake hubaki na watu wa kijiji. Nishati ya dharura ina tabia ya kukaa miaka hamsini.

Mvuvi wa Kituku

Mimi si mtu wa hesabu. Ninavua sambaza, samaki wadogo kama dagaa, usiku. Tunafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, tunawasha taa, samaki wanapanda kuufuata mwanga, tunainua wavu. Zamani taa zilikuwa za mafuta, na mkononi mwangu wa kushoto kuna alama ya petromaksi iliyonilipukia. Sasa tunatumia taa za betri, na nakiri kwamba ni nafuu.

Ninachotaka kujua ni nini kinarudishwa ziwani. Mnasema maji yanavutwa kutoka mita 350, yanaondolewa gesi, halafu? Maji ya chini hayana hewa, samaki hawaishi humo. Yakimwagwa juu tutavua nini? Hata sambaza wenyewe wameletwa kutoka Tanganyika, si wa ziwa hili kwa asili, kwa hiyo hatujui watavumilia kiasi gani. Kila mradi unapokuja watu huzungumza na watu wa mjini. Sisi tulio majini usiku hatuulizwi.

Mzaliwa wa Vitshumbi

Nimesoma yote, na lazima niseme kilicho moyoni. Watu wa Goma mnataka gesi iliyo mbele yenu itolewe, lakini mafuta yaliyo kwetu, kando ya Ziwa Edward, mnataka yakae chini. Mwaka 2014 kampuni ya mafuta ya SOCO ilipima chini ya ziwa letu, kisha mwezi Juni mwaka huo ikatangaza kuacha kuchimba ndani ya hifadhi. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi hapo Kivu, na mwaka 2024 mnada wa mafuta ukafutwa. Kila mara tunaahidiwa barabara, na kila mara barabara inaondoka na ahadi. Ng'ambo ya mpaka, Uganda inachimba kando ya Ziwa Albert na kujenga bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga. Kwa nini umaskini wetu uwe ndio ulinzi wa msitu?

Fundi wa Ndosho

Nimekaa siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu hoja mbili za mwisho hazistahili jibu la haraka.

Mvuvi, swali lako ndilo kiini cha kazi yote. Maji yaliyoondolewa gesi yana fosforasi na amonia nyingi. Yakirudishwa karibu na uso, mwani utastawi, utaoza, na utakula hewa ambayo sambaza wanaihitaji. Yakirudishwa kwa kina kisichofaa yanaweza kuyalegeza matabaka yanayozuia gesi, yaani tutakuwa tumekilegeza kifuniko kwa mikono yetu wenyewe. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kwamba maji hayo yarudishwe chini sana, katika tabaka linalolingana nayo kwa uzito. Hilo hugharimu, maana maji yanayorudishwa chini zaidi hupunguza nguvu inayoyavuta mengine juu, na mwenye kituo atatamani kuyamwaga juu kidogo ili apate faida. Anayepima kina hicho asiwe mwenye kituo. Tena ziwa ni moja na nchi ni mbili: tukipima sisi na wenzetu wasipime, au kinyume chake, ni bure. Nakubaliana nawe pia kwamba wavuvi wawe na kiti mezani kabla bomba halijashushwa.

Ndugu wa Vitshumbi, sitakuambia kwamba umaskini ni mzuri kwa tembo. Tofauti ninayoiona ni hii. Gesi ya Kivu ni hatari hata tusipoigusa. Mafuta ya Edward yamefungwa katika mwamba kwa mamilioni ya miaka na hayajamtishia mtu. Hatari yake inaanza siku tunapotoboa. Edward humwaga maji yake katika Semuliki, Semuliki huingia Albert, na Albert ni Nile, kwa hiyo kosa la usiku mmoja kwenye kisima chenu halitaishia kwenye nyavu zenu. Na mafuta yale yakitoka hayatabaki Vitshumbi. Yale ya Albert ni mazito kwa nta kiasi kwamba bomba lake lazima lipashwe joto njia nzima hadi baharini. Samaki wa Edward huliwa kila siku na watu wa hapo, na fedha yake hushikwa na mwanamke aliyewakausha. Ikiwa nchi na dunia zinataka mafuta hayo yakae chini, basi deni lenu ni la kweli na lilipwe kwa umeme na barabara, na hapo nitasimama nawe. Kwamba hadi leo halijalipwa, huko sina la kukutetea wala la kukupinga.

Jambo moja limebaki kwa Mama Jiko. Nimeazima sufuria ya umeme yenye presha, nikaiunga na mita yangu ya kazini, nikapika kilo moja ya maharage yaliyolowekwa usiku. Yaliiva kwa muda usiozidi saa moja na mita ikasoma chini ya yuniti moja. Kwa umeme wa jenereta hiyo ingekuwa karibu kilo moja ya kaboni dioksidi, kwa umeme wa gesi nusu yake, kwa umeme wa Matebe karibu hakuna.

Mama Jiko wa Katindo

Kilo moja ni ya watoto wako, Fundi. Mimi ninapika kilo kumi na mbili, na umeme wetu hukatika saa ile ile ninayoanza. Njoo Jumamosi na mita yako na sufuria hiyo, uje saa kumi alfajiri, tupike pamoja mpaka wateja wafike, ndipo tuandike hapa zilizosomwa.